Herode, Kirenio na orodha ya Kaisari: je, Luka alikosea?

"Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na kila Desemba nawaandaa watoto kwa igizo la Krismasi. Mwanangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Amerudi likizo akanikuta naandika maneno ya msomaji: 'Amri ilitoka kwa Kaisari Augusto…' Akacheka. Anasema Luka amekosea, kwa sababu Herode alikufa 4 KK na Kirenio alianza kutawala Shamu 6 BK, sasa Yesu alizaliwaje zamani za wote wawili? Akaongeza kwamba Warumi hawakuwahi kuhesabu ulimwengu wote kwa mara moja, kwamba hakuna sensa inayomrudisha mtu kijijini kwa babu yake, na kwamba hakuna mwanahistoria aliyeandika habari za watoto waliouawa Bethlehemu. Nimetafuta majibu. Mmoja anasema Kirenio alitawala mara mbili, mwingine anasema Biblia yetu ya Kiswahili imetafsiriwa vibaya. Sitaki kumdanganya mwanangu, wala sitaki kuwafundisha watoto uongo. Nishike lipi?"

Mwalimu, nianze na lile ambalo pengine hukulitarajia kwangu: tarehe alizokutajia mwanao hakuziokota kijiweni. Herode Mkuu, kwa hesabu ya wanahistoria walio wengi, alikufa mwaka 4 KK. Kirenio, ambaye Luka 2:2 inasema orodha iliandikwa akiwa liwali (gavana) wa Shamu, yaani Siria, alikabidhiwa jimbo hilo mwaka 6 BK. Katikati hapo kuna kama miaka tisa, na mtoto hazaliwi mara mbili. Usimwambie amelishwa maneno na wasioamini, maana tarehe hizo hizo zimo katika vitabu wanavyosomea wachungaji vyuoni. Mimi mwenyewe huzifundisha kila mwaka, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi anayebaki darasani wenzake wakishatoka, akaniuliza kwa sauti ya chini hayo hayo uliyoniuliza wewe.

Alipoteleza mwanao ni kufunga mzigo mmoja wa vitu visivyofanana. Jambo la Kirenio ni mgongano: Luka anasema hivi, rekodi nyingine zinasema vile. Jambo la watoto wa Bethlehemu ni ukimya: Mathayo anasema, wengine hawasemi kitu. Shahidi aliyenyamaza hajakanusha. Ukiyachanganya haya mawili utajikuta ama unaogopa pasipo na cha kuogopa, ama unapita mbio pale panapohitaji kusimama.

Kuna na jambo la tatu, dogo, tulimalize kwanza. Watu hushtuka kusikia kwamba Kristo alizaliwa "Kabla ya Kristo". Kosa hilo si la Luka wala la Mathayo, ni la kalenda iliyo ukutani kwako. Mwaka 525 mtawa mmoja aliyekuwa Roma, Dionysius, alikuwa akitengeneza jedwali la tarehe za Pasaka. Miaka ilikuwa ikihesabiwa tangu Diocletian, Kaisari aliyewatesa Wakristo, naye hakupenda kuendelea kumpa heshima hiyo. Akaanza kuhesabu tangu kuzaliwa kwa Bwana, ila hesabu yake ikapungukiwa na miaka kadhaa, na sisi tumeirithi ilivyo. Waandishi wa Injili hawakutaja mwaka kwa namba. Walisema tu nani alikuwa akitawala, kama wazee wetu wanavyosema "mwaka wa njaa ile" au "enzi za Mjerumani".

Sasa hiyo 4 KK imetoka wapi? Imetoka kwa Josephus, Myahudi aliyezaliwa mwaka 37 BK na kuandika historia ya taifa lake akiwa Roma. Anasimulia kwamba Herode alipokuwa mgonjwa wa kufa, vijana waliochochewa na walimu wawili wa torati walipanda juu ya lango la hekalu mchana kweupe, wakamkatakata kwa mashoka tai wa dhahabu aliyewekwa na mfalme. Herode akaamuru walioongoza jambo hilo wachomwe moto wakiwa hai. Usiku ule, anasema Josephus, mwezi ulipatwa. Wanaastronomia wamepiga hesabu kurudi nyuma na kuona kwamba mwezi ulipatwa tarehe 13 Machi mwaka 4 KK, wiki chache kabla ya Pasaka, na Josephus anasema Herode alikufa kabla ya Pasaka.

Wapo wanaosema kupatwa kwenyewe kulikuwa kule kwa Januari 1 KK, na kwamba Herode alikufa mwaka huo. Nimesoma hoja zao na hazinishawishi, kwa sababu ya wanawe, waliogawana nchi yake alipokufa. Arkelao aliondolewa madarakani mwaka 6 BK akiwa katika mwaka wake wa kumi. Filipo alikufa mwaka wa ishirini wa Kaisari Tiberio, ametawala miaka 37. Antipa aliondolewa mwaka 39 BK, na zimepatikana sarafu zake zilizopigwa muhuri wa mwaka wake wa 43. Rudisha hesabu nyuma kwa kila mmoja, utaangukia 4 KK. Ndugu watatu, mikoa mitatu, ushahidi wa aina tofauti, jibu moja.

Tuje kwa Kirenio mwenyewe. Warumi walimwita Publius Sulpicius Quirinius. Mwaka 12 KK alikuwa konsuli, cheo cha juu Roma chini ya Kaisari. Baadaye alipigana na kabila la milimani katika nchi tunayoiita leo Uturuki, akawa mshauri wa Gaius, mjukuu wa Augusto. Alikufa mwaka 21 BK akazikwa kwa heshima za serikali, ingawa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anadokeza kwamba wengi hawakumkumbuka kwa wema, kwa sababu ya ubahili na ubabe wake wa uzeeni. Kwa hiyo si mtu wa kubuni. Tena kuna jiwe la kaburi la ofisa mmoja aliyekuwa chini yake, ambalo sehemu yake ilipatikana Venice, na mwenye kaburi anajivunia kwamba kwa amri ya Kirenio alihesabu watu wa mji wa Apamea huko Shamu akapata raia 117,000.

Mwaka 6 BK Augusto alimpeleka Arkelao uhamishoni Gaul (Ufaransa ya leo), akaitia Uyahudi chini ya ofisa wa Kirumi aitwaye Coponius. Kirenio, liwali mpya wa Shamu, akaja kuhesabu mali za watu. Hapa ndipo utaratibu wenyewe unapoeleweka, nao ndio moyo wa swali lako. Herode alipokuwa hai, nchi ilikuwa yake kwa ridhaa ya Roma: alitoza kodi zake kwa watu wake, kwa makarani wake. Roma haikuwa na haja ya kujua fulani ana mizeituni mingapi. Nchi ilipochukuliwa moja kwa moja, mwenye nchi mpya akataka daftari. Babu zetu walilijua hili bila kusoma Kilatini. Mjerumani alipokwisha kushika bara mwishoni mwa karne ya 19, haikuchukua muda karani akafika kuhesabu nyumba, maana kila nyumba ilidaiwa kodi. Kuandikwa kulikuwa ni kukiri umetawaliwa.

Ndiyo sababu sensa ya Kirenio ilimwaga damu. Yuda Mgalilaya aliwaambia watu kwamba kulipa kodi ile ni utumwa. Luka anaijua habari hiyo. Katika Matendo 5:37 anamtaja huyo Yuda, "siku zile za kuandikwa orodha", kana kwamba msomaji hahitaji kuelezwa ni orodha ipi. Tunza jambo hili, nitalirudia.

Kwa hiyo ukimsogeza Yesu mbele hadi 6 BK ili umpate Kirenio, unampoteza Herode, ambaye Mathayo anamtaja na Luka mwenyewe anamtaja (1:5). Tena unapata tatizo jipya: Galilaya haikuwa chini ya Kirenio wakati huo. Ilikuwa ya Antipa hadi 39 BK. Mtu wa Nazareti asingeguswa na sensa ya Uyahudi, labda awe na mali huko.

Sasa majibu uliyoyapata. La kwanza, kwamba Kirenio alitawala Shamu mara mbili. Hili nililifundisha kwa miaka kadhaa, na nimelitubu. Msingi wake ni kipande cha jiwe kilichookotwa karibu na Tivoli, nje ya Roma, mwaka 1764. Kinamsifu mtu aliyekuwa liwali wa Augusto, na ndani yake mna neno la Kilatini lenye maana ya "mara ya pili" karibu na jina la Shamu. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: "Mwalimu, jina la Kirenio liko mstari wa ngapi?" Halipo. Sehemu yenye jina imevunjika. Na hata hilo "mara ya pili" laweza kumaanisha kwamba alikuwa liwali kwa mara ya pili, na safari hii akapewa Shamu, si kwamba Shamu aliipata mara mbili. Zaidi ya hapo, maliwali wa Shamu wa miaka ya mwisho ya Herode tunawajua kwa majina: Saturninus, kisha Varus kuanzia kama 6 KK hadi baada ya mazishi ya Herode. Ni Varus yule yule aliyekuja kupoteza majeshi matatu katika misitu ya Ujerumani mwaka 9 BK. Nafasi pekee iliyo wazi kidogo ni baada ya Varus, na hapo Herode yumo kaburini. Jibu hili hata likiwa kweli halikusaidii.

La pili, kwamba tafsiri imekosea. Biblia yetu ya Union inasema: "Orodha hii ni ya kwanza, iliyoandikwa hapo Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu." (Napenda lile neno "liwali". Watafsiri walikwenda pwani wakachukua cheo kilichojulikana tangu enzi za Sultani, na "Shamu" wakaiacha kama mabaharia walivyoitamka.) Wanaotaka kurekebisha wanasema neno la Kigiriki *prote*, "ya kwanza", laweza kumaanisha "kabla", na mstari ungekuwa: orodha hii ilikuwa kabla ya ile ya Kirenio. Si hoja ya kutupwa. Yohana 1:15 penye "alikuwa kabla yangu" hutumia neno la jamii hiyo. Lakini katika Luka 2:2 linalofuata ni kifungu kinachosema "Kirenio akiwa liwali", na msomaji wa Kigiriki aliyekisikia angeelewa kama tulivyoelewa sisi. Tena Luka alikuwa na neno lake la kawaida la "kabla". Analitumia katika sura hiyo hiyo, mstari wa 21: jina alilopewa na malaika "kabla hajachukuliwa mimba". Angetaka kusema kabla ya Kirenio, neno lilikuwa mdomoni mwake. Watafsiri wetu hawana kosa.

La tatu hukulitaja, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Tertullian, Mkristo wa Carthage aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, anasema orodha ilifanyika chini ya Saturninus, si Kirenio. Ajabu yake ni kwamba anaachana na jina lililo wazi katika Luka, na hatujui alilitoa wapi lake. Josephus naye anasimulia kwamba katika miaka ya mwisho ya Herode Wayahudi wote walitakiwa kuapa utii kwa Kaisari na kwa mfalme, na Mafarisayo zaidi ya 6,000 wakakataa, wakatozwa faini. Ukijua idadi ya waliokataa na ukaweza kuwatoza, umeandika majina. Kwa hiyo kuandikwa kwa watu enzi za Herode, kwa jina la Augusto, si jambo lisilowezekana. Hata kuhesabu mali kwa mtindo wa Kirumi katika nchi ya mfalme aliye chini ya Roma kunajulikana: Tacitus anataja tukio kama hilo mwaka 36 BK, katika nchi ya mfalme mmoja huko Asia Ndogo, na watu wakakimbilia milimani. Lakini angalia tumefika wapi. Tumeonyesha kwamba *orodha* yawezekana. Jina la Kirenio bado limekaa palepale.

Jibu la nne ndilo lililo la kawaida vyuoni, na wanaolishika si wapagani, wengi wao huhubiri Jumapili: kwamba Luka, akiandika miaka mingi baadaye, alijua kuna kuandikwa kulikompeleka Yusufu Bethlehemu, na akakuunganisha na sensa maarufu kuliko zote, ile iliyozaa uasi. Ni kosa la kibinadamu. Waulize wazee wawili wa kijiji chako mwaka wa mafuriko makubwa, utasikia mmoja akiyaambatanisha na mkuu wa wilaya aliyekuja miaka minane baadaye.

Mimi nasimama wapi? Naona Yesu alizaliwa enzi za Herode, kati ya 6 na 4 KK. Mathayo na Luka hawakunakiliana habari za kuzaliwa, simulizi zao zinapishana mno kwa hilo, na bado wote wawili wanataja Herode, Bethlehemu, Nazareti, Mariamu na Yusufu. Jina la Kirenio naliona ni fundo ambalo mpaka leo hakuna aliyelifungua bila kukata uzi. Matendo 5:37, niliyokuomba uitunze, inaweza kukupa tumaini kwamba Luka aliijua tofauti ya orodha mbili, ndiyo maana akaandika "ya kwanza". Inaweza pia kuonyesha kwamba aliijua moja tu. Inakata kote kote, na sitakudanganya kwamba inakata upande mmoja.

Kuhusu "ulimwengu wote", hapo mwanao amedai sana. Augusto aliacha orodha ya matendo yake, imechongwa hata kwenye kuta za hekalu huko Ankara, na anasema alihesabu raia wa Kirumi mara tatu: 28 KK walikuwa 4,063,000, 8 KK 4,233,000, na 14 BK 4,937,000. Hao ni raia wa Roma tu. Wenyeji wa majimbo walihesabiwa kwa zamu, Gaul mwaka wake, Misri mwaka wake. Hakukuwa na usiku mmoja wa sensa kama ule wetu wa kuamkia 23 Agosti 2022, ambapo kila mtu alihesabiwa alipolala. Lakini Luka hasemi ilikuwa usiku mmoja. Neno lake kwa "ulimwengu" ndilo Wagiriki walilolitumia kwa nchi zilizo chini ya dola, na kwamba Augusto alikuwa na sera ya kuziandika nchi zake hakuna anayebisha.

La kumrudisha mtu kijijini linanogesha zaidi. Tuna waraka wa liwali wa Misri, Gaius Vibius Maximus, wa mwaka 104 BK, ulioandikwa juu ya mafunjo. Anawaamuru walio mbali na makwao kwa sababu yoyote warudi kwa ajili ya kuhesabiwa nyumba kwa nyumba. Watu huuleta waraka huu kama rungu la kumaliza ubishi, nami nakuomba usifanye hivyo: unawarudisha watu kwenye majiko yao wenyewe, si kwenye mji wa babu aliyekufa miaka elfu moja iliyopita.

Ushahidi mwingine naupenda kuliko huo. Mwaka 1961, katika pango magharibi mwa Bahari ya Chumvi, walipata mfuko wa ngozi wenye hati za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha. Mojawapo ni tamko lake la sensa, Desemba 127 BK. Babatha anaishi kijiji cha Maoza, kusini mwa bahari ile. Liwali wa jimbo la Arabia ameamuru watu waandikwe, basi Babatha anafunga safari hadi mji wa Raba, kwenye ofisi, mumewe akiwa mdhamini wake na kumwandikia. Anataja mashamba manne ya mitende, kila moja kwa jina lake. Ukubwa unapimwa kwa shayiri inayoweza kupandwa humo. Halafu kodi yake, vipimo kadhaa vya tende na fedha kidogo, kisha majirani wanaopakana nalo. Mwishoni anaapa kwa bahati ya Kaisari kwamba hakuficha kitu. Nikiisoma hati ile namwona Yusufu kwa urahisi zaidi kuliko katika mahubiri mengi: mtu anakwenda pale ilipo ardhi yake. Kama alikuwa na kipande cha shamba la ukoo Bethlehemu, safari ina maana kabisa. Luka hataji shamba, anasema tu "yeye ni wa mbari na jamaa ya Daudi". Lakini sisi tunajua kwamba mahali penye mbari yako mara nyingi ndipo penye shamba lako.

Watoto wa Bethlehemu sasa. Ni kweli, Josephus hataji, naye alimchukia Herode kiasi cha kutosha kutaja. Lakini pima ukubwa wa jambo. Bethlehemu ilikuwa kijiji, tuseme watu mia kadhaa, wakizidi sana elfu moja. Wavulana wasiotimiza miaka miwili katika kijiji cha namna hiyo ni kumi, ishirini, labda thelathini. Josephus kwa enzi za Herode alitegemea sana maandishi ya Nicolaus wa Dameski, mtu wa ikulu, na ikulu ilikuwa na maiti zake: Herode alimuua mkewe Mariamne, akawanyonga wanawe wawili, na siku tano kabla ya kufa akaamuru wa tatu auawe. Aliagiza hata wakuu wa Wayahudi wafungiwe uwanjani Yeriko wauawe siku atakapokufa, ili pawe na vilio. Agizo hilo halikutekelezwa. Mtu wa hivyo angeweza kufanya la Bethlehemu. Kuweza kufanya si kufanya, na mwanao anaweza kukujibu kwamba Mathayo anamchora Yesu kwa sura ya Musa na Herode kwa sura ya Farao, jambo ambalo ni kweli pia. Hapa historia haithibitishi wala haikanushi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Akiwa makini kweli atakuuliza la kumalizia: Luka 2:39 inairudisha familia Nazareti baada ya siku za utakaso, na Mathayo anaipeleka Misri. Kawaida tunapanga kwamba mamajusi walifika baadaye, ndiyo maana wanaingia "nyumbani" na Herode anataja miaka miwili. Inapangika, ila ujue ni sisi tunaopanga. Luka anaandika kana kwamba hajawahi kusikia habari za Misri.

Kwa mwanao, basi, ningeanza kwa kumpa haki yake: "Kwa Kirenio umesema kweli, hata wataalamu hawajalimaliza." Utaona mabega yanashuka. Kijana anayetegemea kupingwa akikubaliwa kwa haki, husikiliza yale mengine. Kisha mwonyeshe tofauti ya kugongana na kunyamaza. Usimpelekee jiwe la Tivoli. Ataliangalia kwenye simu dakika hiyo hiyo, na akigundua kwamba mama alimpa ushahidi uliovunjika, hatakuamini tena hata kwa yaliyo imara.

Msikilize pia nyuma ya swali. Mara nyingine Kirenio ni Kirenio tu. Mara nyingine kijana anauliza habari za mwaka 6 BK kwa sababu ya jambo lililomuumiza mwaka huu, kanisani au chuoni, na halijapata mtu wa kulisikia. Ukiona ameacha kula nanyi, analala mchana kutwa, au kila mazungumzo yanaishia kwenye ugomvi, usimtafutie maandishi zaidi kama haya yangu. Mtafutie mtu wa kuketi naye ana kwa ana: mchungaji au padre aliyesoma asiyeogopa maswali, na kama huzuni ni nzito, mshauri wa chuoni kwao au daktari. Kama kiu yake ni ya kitaaluma kweli, chuo cha theolojia kilicho karibu kina mwalimu wa Kigiriki ambaye atafurahi kufunguliwa Luka 2 na mtu asiyelazimishwa na mtihani.

Watoto wa shule ya Jumapili hawahitaji Josephus. Maneno ya msomaji yaache yalivyo, ndivyo Luka alivyoandika.

Kuna kimoja tu ningekubadilishia katika igizo, na hukuniuliza. Yule mwenye hoteli mwenye uso mkavu anayewafungia mlango hayumo katika Biblia. Neno la Luka 2:7 lililotafsiriwa "nyumba ya wageni" ndilo linalotafsiriwa "chumba cha wageni" katika Luka 22:11, kile cha karamu ya mwisho. Hoteli ya kulipia, ile ya Msamaria mwema, Luka anaiita kwa neno jingine. Nyumba za vilima vile mara nyingi zilikuwa chumba kimoja: watu sehemu ya juu, mifugo sehemu ya chini mlangoni, hori katikati, kama Wachaga wa zamani walivyolala na ng'ombe wao ndani. Chumba cha wageni kimeshajaa ndugu waliotangulia kufika, mama mjamzito analetwa pale penye joto. Kwa hiyo mtoto uliyempangia kuwa mwenye hoteli usimnyang'anye nafasi yake. Mfanye mjomba wa Yusufu, nyumba imefurika wageni, anasukuma ng'ombe kando kwa kiwiko na kutandika nyasi, akilalamika kwamba jamaa hawakutuma habari mapema.